Floraidi inayotoka kwenye sementi ya kuziba meno: kiasi chake huamuliwa na kinywa chenyewe

#1 – Chumbageni

Wanajukwaa, habari za leo. Naomba tuzungumze kwa utulivu juu ya jambo ambalo huelezwa kwa haraka mno kwenye semina zetu na kwenye meza za wauzaji wa vifaa vya meno. Muuzaji hufunua kipeperushi chenye mchoro, hunyoosha kidole kwenye mstari uliopanda kuliko mingine, kisha husema kwamba sementi yake ndiyo inayotoa floraidi nyingi kuliko zote. Ni nadra kuelezwa kama kipimo hicho kilifanyika kwenye maji, kwenye mate au kwenye asidi, na kama kilichukuliwa siku ya kwanza au baada ya mwaka. Mimi ni daktari wa meno, na msimamo wangu ni kwamba bila majibu ya maswali hayo mchoro ule haumsaidii mgonjwa kwa lolote, kwa sababu sementi ileile hutoa kiasi tofauti kabisa kulingana na kinywa ilimowekwa.

Kwa wasiofahamu asili yake, zamani meno ya mbele yalizibwa kwa sementi ya silikati. Ilikuwa dhaifu, ililiwa na mate na kubadilika rangi, lakini madaktari waliona kwamba pembeni mwa vizibo hivyo jino halikuoza upya kwa wepesi. Sababu ilikuwa floraidi, ambayo watengenezaji waliitia kwenye glasi ili iyeyuke tanurini kwa joto la chini zaidi. Faida kwa jino ilikuja bila kukusudiwa. Alan Wilson na Brian Kent, waliokuwa katika maabara ya mkemia wa serikali jijini London, waliirekebisha glasi ya aina hiyo, wakaichanganya na asidi ya poliakriliki badala ya asidi ya fosfori, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaitangaza sementi ambayo leo tunaiita glasi ayonoma.

Unga wa glasi unapokutana na asidi ile, tabaka la nje la kila chembe huliwa. Kalsiamu au stronti hutoka kwanza, alumini hufuata taratibu, na ioni hizo (chembe zenye chaji ya umeme) huifunga minyororo ya asidi mpaka uji unakuwa jiwe. Floraidi hutoka pamoja nazo, lakini yenyewe haishikilii sehemu kubwa ya muundo huo, na ndiyo maana inaweza kuondoka bila kizibo kubomoka. Katika saa 24 hadi 48 za mwanzo hutoka kwa wingi sana, kisha kiasi hushuka kwa kasi, na baada ya wiki chache hubaki mtiririko mdogo ambao maabara zimeufuatilia kwa miaka kadhaa bila kuona mwisho wake. Kwa hiyo mtu akitaja kiwango cha siku ya kwanza, anataja kipindi ambacho mgonjwa hatakiona tena baada ya wiki hiyo.

Naomba waliowahi kupima, na wanaoitumia vijijini, wachangie.

#2 – Jino la Mwisho

Daktari, asante kwa maelezo. Mimi si mtaalamu, ni mgonjwa wa kudumu wa viti vya meno. Ikiwa kizibo kinatoa kitu kila siku kwa miaka, hakitaisha au kubaki na vitundu ndani kama sponji? Na je, vile vizibo vyeupe vya kukaushwa kwa taa navyo vina floraidi?

#3 – Chumbageni

Ndugu Jino la Mwisho, hakiishi kwa namna hiyo. Kinachotoka baada ya majuma ya kwanza hupimwa kwa mikrogramu, nayo sehemu kubwa ya glasi hubaki bila kuguswa, imezungukwa na sementi iliyoganda. Kinachokidhoofisha kizibo ni asidi inayokula sementi yenyewe, na hilo tutalifikia.

Kuhusu vile vya taa, kuna vya namna nyingi. Kompositi ya kawaida, yaani kizibo cha plastiki ngumu chenye unga wa glasi, hutoa kidogo sana au haitoi kabisa. Kompoma, ambayo ni kompositi iliyotiwa sehemu ya viambato vya glasi ayonoma, hutoa kidogo, na haina ule mtoko mkubwa wa siku ya kwanza, kwa sababu hugandishwa kwanza na taa na maji huingia ndani yake baadaye. Glasi ayonoma iliyochanganywa na resini (aina ya plastiki) hukaribiana na ile ya kawaida kwa kutoa floraidi. Amalgamu, yaani ile ya rangi ya fedha, haitoi floraidi.

#4 – Meza ya Maabara

Nimefanya kazi ya kupima mambo haya kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusiwe kueleza kipimo chenyewe, kwa kuwa tofauti nyingi za kwenye makaratasi huanzia mezani kabla hata hazijafika kinywani.

Hutengenezwa vidonge bapa vya sementi ndani ya kalibu, huachwa vigande katika joto la mwili, kisha kila kidonge hufungwa uzi na kuning'inizwa ndani ya chupa ya plastiki yenye kiasi maalumu cha kimiminika. Kimiminika hubadilishwa kwa ratiba, na kile kilichotolewa hupimwa kwa elektrodi yenye fuwele ya lanthani floraidi. Elektrodi hiyo huona floraidi iliyo huru tu. Floraidi iliyoshikana na alumini haionekani, na ndiyo sababu huongezwa kwanza mchanganyiko wa bafa unaoweka pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, ukali wa asidi umepanda) kwenye 5 na kidogo, na kuinyang'anya alumini floraidi iliyoikumbatia. Mtu akiruka hatua hiyo wakati anapima kwenye asidi, atapata namba ndogo kuliko ukweli, kwa sababu katika asidi alumini nyingi hutoka na kushikana na floraidi nyingi.

Sasa nije kwenye vimiminika vyenyewe. Katika maji yaliyoondolewa ioni sementi hutoa floraidi kwa uhuru, kwani nje hakuna kinachoipinga. Katika mate ya kutengenezwa maabara, yenye kalsiamu, fosfati na chumvi nyingine, sementi ileile hutoa kiasi kidogo zaidi, na mara nyingi tofauti ni kubwa. Chumvi zilizomo hupunguza msukumo wa ioni kutoka nje, na kalsiamu na fosfati zinaweza kutua juu ya kidonge na kuufunika uso wake. Katika kinywa halisi kuna pia utando wa protini za mate unaojishikiza juu ya kizibo muda mfupi baada ya kusafishwa. Kwa hiyo namba zinazopatikana kwenye maji, ambazo ndizo rahisi kupatikana na ndizo zinazopendwa na wauzaji, huwa juu kuliko hali ya kinywa chenye mate mengi na pH ya kawaida, inayokaribia 7.

Ukiteremsha pH hadi 5 au 4 kwa asidi ya laktiki, ambayo ndiyo bakteria wa utando wa meno huizalisha wakila sukari, picha hugeuka. Floraidi hupanda, lakini haipandi peke yake: alumini, sodiamu na silika nazo hutoka kwa wingi, na uso wa kidonge, uliokuwa laini na wenye kung'aa kidogo, huwa mweupe wenye vumbi kama chaki ukiupitishia ukucha. Jambo jingine linaloonekana ni kwamba asidi ile hupungua ukali. Ukipima pH ya kimiminika baada ya muda utaikuta imepanda, kwa sababu sementi imeimeza sehemu ya asidi. Hapo mtu anaweza kusema kwamba kizibo kinajibu shambulio kwa kutoa kinga pale inapohitajika, na mimi sikatai, lakini gharama ya jibu hilo ni mwili wa kizibo chenyewe.

Joto nalo lina sehemu yake: kimiminika kikiwa cha moto zaidi, floraidi hutoka haraka zaidi. Lakini chai hupita kinywani kwa dakika chache tu, kwa hiyo sioni kama jambo hilo lina uzito ukililinganisha na asidi.

#5 – Tabibu wa Kata

Nimesoma kwa makini na ninawashukuru. Niko kituo cha afya ambako umeme ni wa kubahatisha na mashine ya kutobolea ni hadithi, hivyo glasi ayonoma ndiyo kazi yetu ya kila siku. Vijana wajue pia kwamba njia hii ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba bila mashine ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alimokuwamo Jo Frencken. Wakati huo walitumia sementi ya polikaboksileti, na glasi ayonoma ikaja baadaye. Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo kwenye Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994.

Kwa hali yetu, kabla ya kinywa kuna mkono wa anayekoroga. Kijiko cha unga kinatakiwa kisawazishwe kwenye mdomo wa chupa, na tone la kimiminika lidondoshwe chupa ikiwa imesimama wima na bila povu. Katika joto la mchana sementi huganda upesi, na msaidizi akiona uji umekuwa mzito kabla hajaufikisha kwenye tundu, hushawishika kuongeza tone la pili. Uji hulainika, huwekwa kwa raha, na kila mtu hufurahi. Swali langu kwa Meza ya Maabara: mchanganyiko mwepesi kama huo hutoa floraidi zaidi au pungufu? Maana nimewahi kusikia mtu akiutetea kwa hoja hiyo.

#6 – Meza ya Maabara

Hutoa zaidi, Tabibu, na hoja hiyo ni ya hatari kwa sababu ni kweli. Kimiminika kikizidi, sementi huwa na muundo uliolegea, maji hupita ndani yake kwa urahisi, na floraidi hutoka nayo. Lakini sementi hiyohiyo huyeyuka upesi, husagika upesi, na nguvu yake ya kuhimili kutafuna hushuka sana. Kama ubora ungepimwa kwa floraidi peke yake, kizibo kibovu kuliko vyote ndicho kingeshinda. Sementi ya kapsuli, iliyopimwa tayari kiwandani na kukorogwa kwa mashine, huondoa tatizo hili, ila huhitaji umeme na fedha.

Niongeze na hili la kupaka vaselini au vanishi juu ya kizibo kipya ili kukikinga: ni kweli kwamba hupunguza floraidi ya mwanzo, na vanishi ya resini hupunguza zaidi. Hata hivyo, sementi isipofunikwa katika saa za mwanzo mate huiosha kabla alumini haijamaliza kufunga, au hewa huikausha ikapasuka. Nisingeacha kupaka.

#7 – Mtu wa Meru

Naomba kuingia na swali la kwetu. Nimezaliwa upande wa Maji ya Chai, na meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota, kama ya ndugu zangu wote. Tuliambiwa ni floraidi ya maji. Sasa daktari anataka kunizibia jino kwa sementi inayotoa floraidi. Je, si kuongeza sumu juu ya sumu? Nina mtoto wa miaka 4 ambaye naye ametoboka jino, na kwa huyo ndipo nina hofu zaidi.

#8 – Chumbageni

Ndugu yangu wa Meru, hofu yako ina msingi, kwa kuwa ukanda wa Bonde la Ufa, kuanzia Arusha na Meru hadi Nakuru na Naivasha kwa majirani zetu, una maji yenye floraidi nyingi kwa asili ya miamba ya volkano. Lakini tupige hesabu. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Lita moja ya maji yanayofika kwenye kiwango hicho, ambayo ni maji yanayokubalika, ina mikrogramu 1,500 za floraidi. Vyanzo vingi vya kwenu huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Kizibo cha ukubwa wa punje ya mchele, baada ya siku zile za mwanzo, hutoa mikrogramu chache kwa siku, na kwa kinywa chenye mate ya kutosha huweza kuwa chini ya hapo. Hata siku ya kwanza yenye mtoko mkubwa haikaribii glasi moja ya maji ya kisima kibaya.

Tena ile kahawia hutokea jino linapojengwa ndani ya taya, kabla halijaota. Meno yako hayawezi kuongezeka kahawia kwa sababu ya kizibo. Kwa mtoto wa miaka 4, meno ya kudumu bado yanajengwa, kwa hiyo juhudi ielekezwe pale floraidi inapoingia kwa wingi: maji ya kunywa na kupikia, magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande, ambayo katika maeneo hayo yenyewe yana floraidi, na dawa ya meno inayomezwa. Mtoto apakiwe dawa ya meno kidogo, mtu mzima amswakishe, na ateme. Jino lake lililotoboka lizibwe bila wasiwasi.

Nikiwa hapo niseme na hili, kwa kuwa linahusiana. Meno yenye floraidi nyingi bado yanaoza. Watu hudhani madoa ni kinga, nao huchelewa kuja.

#9 – Jino la Mwisho

Kumbe dawa ya meno nayo ina floraidi. Je, inakiongezea kitu kizibo, au kila kimoja kinafanya kazi yake?

#10 – Meza ya Maabara

Inakiongezea. Sementi ya glasi ayonoma hupokea floraidi kutoka nje pale kiwango cha nje kinapozidi cha ndani, kisha huitoa tena kiwango cha nje kikishuka. Dawa ya meno ya kawaida huwa na sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, na vanishi ya sodiamu floraidi ya asilimia 5 inayopakwa kliniki ina sehemu 22,600 kwa milioni. Ukipima kidonge kizee baada ya kukipaka dawa ya namna hiyo, utaona floraidi ikipanda, kisha ikirudi karibu na pale ilipokuwa ndani ya siku chache. Kidonge kipya hupokea vizuri zaidi kuliko kilichokomaa. Kwa hiyo mtu anayepiga mswaki mara mbili kwa siku anakijaza kizibo chake kidogokidogo bila kujua, na kizibo cha mtu asiyepiga mswaki kinategemea akiba yake ya mwanzo peke yake.

Tahadhari moja: jeli ya floraidi yenye asidi ya fosfori, ile ya asilimia 1.23, haifai kupakwa juu ya vizibo hivi. Huula uso wake ukawa na mikwaruzo. Itumike jeli isiyo na asidi.

#11 – Tabibu wa Kata

Niseme wazi kinachonisumbua. Yote haya ni ya kwenye chupa. Kwa wagonjwa wenyewe, je, imeonekana kwamba jino lililozibwa kwa glasi ayonoma huoza kidogo pembeni kuliko lililozibwa kwa kompositi au amalgamu, na kwamba sababu ni floraidi?

#12 – Chumbageni

Tabibu, ushahidi wa wagonjwa haulingani na nguvu ya ushahidi wa maabara. Tafiti zilipokusanywa pamoja, baadhi ziliona faida pembeni mwa glasi ayonoma, nyingine hazikuona tofauti, na ni vigumu kuitenga floraidi na mambo mengine kama namna kizibo kilivyoshikamana na jino. Kwa mtu mwenye mate mazuri, anayepiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, mchango wa ziada wa kizibo huwa mdogo kiasi cha kutoonekana. Naamini, na hili ni pale ambapo hukumu yangu inaingia, kwamba tofauti ikionekana itaonekana kwenye vinywa vibaya. Tena sina haja ya floraidi ili niitetee glasi ayonoma: hushikamana na jino bila gundi, huvumilia unyevu kidogo, na haihitaji umeme. Tangu 2021 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

#13 – Mgeni wa Kigamboni

Shikamooni wakubwa. Nimeufuata uzi huu kwa sababu ya mama yangu. Alitibiwa kwa mionzi saratani ya koo, na tangu hapo mate yamekauka, anakula kwa kushushia maji. Meno yameanza kuoza kwenye shingo, karibu na fizi. Yalizibwa kwa sementi hii mnayoizungumzia, lakini kwa macho yangu naona vizibo vinaliwa kama sabuni, hasa vya mbele. Mama ana mazoea ya kunyonya kipande cha ndimu ili apate mate, na hunywa juisi ya machungwa kwa kuwa vitu vikavu vinamshinda. Je, tuling'ang'anie sementi hii au tuombe nyingine?

#14 – Chumbageni

Marahaba, na pole kwa kumuuguza mama. Hali uliyoieleza ndiyo niliyokuwa nikiifikiria nilipotaja vinywa vibaya. Kinywa kisicho na mate hakina cha kuizimua asidi, wala kalsiamu ya kutosha ya kulijenga jino upya, na pH hukaa chini kwa muda mrefu. Shingo ya jino, ambako mzizi hauna enameli (gamba gumu la nje la jino), huanza kuyeyuka pH ikiwa bado juu ya 6, wakati enameli husubiri mpaka karibu 5.5.

Wagonjwa wa mionzi wamefuatiliwa katika tafiti tangu miaka ya 1990, na matokeo yake yanafundisha sana. Kwa wale ambao hawakutumia jeli ya floraidi kila siku, meno yaliyozibwa kwa amalgamu au kompositi yalioza tena pembeni, lakini yaliyozibwa kwa glasi ayonoma yalioza kidogo zaidi, ingawa vizibo vyenyewe viliharibika na kupungua umbo. Kwa wale walioitumia jeli ipasavyo, jino halikuoza sana kwa kizibo chochote, ila glasi ayonoma iliendelea kuliwa. Kwa hiyo kizibo unachokiona kinaliwa huenda kinalilinda jino la mama wakati huohuo, na kurudia kuziba ni sehemu ya matibabu.

Kuhusu ndimu na juisi ya machungwa, Meza ya Maabara atueleze.

#15 – Meza ya Maabara

Ndimu iachwe leo hii. Kuna jambo ambalo huwashangaza wengi: vidonge vya glasi ayonoma ya kawaida vilipohifadhiwa kwa muda mrefu kwenye Coca-Cola, vilipungua ugumu lakini vilibaki, wakati vile vya kwenye juisi ya machungwa na ya tufaha viliyeyuka kabisa, ingawa soda ile ina pH ya chini zaidi. Kinachoamua si pH peke yake. Asidi ya sitriki iliyomo kwenye machungwa na ndimu huishika kalsiamu na alumini na kuziondoa kwenye sementi, na asidi ya fosfori ya kwenye soda haifanyi hivyo kwa nguvu ileile. Kizibo cha mama kinanyonywa pamoja na ndimu, na hakuna mate ya kuisafisha ikishamezwa. Sisemi anywe soda, kwani sukari na asidi yake zitaliumiza jino. Anywe maji kidogokidogo mchana kutwa, na kama anataka kutafuna, iwe bazoka isiyo na sukari.

#16 – Tabibu wa Kata

Niongeze upande wa kazi ya mkono. Mwombeni daktari wa mama amtengenezee trei laini ya plastiki ya umbo la meno yake, atie ndani jeli ya sodiamu floraidi isiyo na asidi ya asilimia 1.1, aivae kila siku kwa dakika chache, kisha ateme bila kusukutua. Jeli hiyo italilinda jino, na pia itakijaza kizibo. Vizibo vya shingo vya mbele, ikiwa kliniki ina taa, virudiwe kwa glasi ayonoma yenye resini, ambayo hutoa floraidi karibu sawa na hii na huvumilia asidi vizuri zaidi. Na aonwe kila baada ya miezi 3, msisubiri maumivu, kwa sababu uozo wa mionzi huzunguka shingo ya jino kimyakimya na taji lote huweza kukatika.

Jambo la mwisho, na tafadhali mlishike: jino lolote likifikia kung'olewa, daktari aambiwe kwanza kwamba taya lilipigwa mionzi na lini, hata kama imepita miaka mingi.